Tatizo si mpangilio wa kibodi, ni ritifaa ya ng'ombe

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa Kiswahili na kompyuta unapopamba moto, hakosekani mtu wa kudai tuwe na kibodi yetu wenyewe, yenye herufi zilizopangwa upya kwa ajili ya lugha hii. Dai hilo si la kipuuzi, ila limekosea shabaha. Kinachoharibu maandishi yetu kila siku si mahali ilipo k wala w. Ni kialama kidogo, ritifaa ya ng', ambayo wengine huiita kibainishi, na ambayo ndani ya kompyuta ina sura kadhaa, kila sura na namba yake.

Kwanza wanaodai kibodi mpya wapewe haki yao. Mpangilio tunaoutumia, QWERTY, ulitokana na mashine ya chapa ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyoingizwa sokoni na Remington mwaka 1874. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu. Weka vidole kwenye kibodi uandike "nyumba". Herufi n, y, u na m zote zinakiangukia kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho inabidi kipande safu ya juu na kushuka ya chini kama mkwezi wa minazi, huku vingine vikitazama tu. "Muhimu" ni hivyo hivyo, isipokuwa kwenye i, ambapo kidole cha kati kinampokea mwenzake kidogo.

Wengine husema basi tuhamie Dvorak, mpangilio ambao August Dvorak na shemeji yake William Dealey waliupatia hataza mwaka 1936. Irabu zote tano ziko safu ya katikati, mkono wa kushoto, na kwa lugha iliyojaa irabu kama yetu hilo linavutia. Lakini Dvorak alipima Kiingereza, na k katika Kiingereza haina kazi nyingi, kwa hiyo aliitupa safu ya chini, pale ilipo v ya QWERTY. Sasa andika "kupika" kwa Dvorak: k, u, p, i, k. Herufi tano mfululizo, kidole kimoja, shahada ya kushoto. Na ku na ki ndizo silabi ambazo Mswahili hawezi kumaliza sentensi mbili bila kuzitaja! Huko huko safu ya chini zimerundikwa pia m, w, b na z. Colemak ya Shai Coleman, ya mwaka 2006, inaipunguzia "nyumba" adha, lakini inamtwisha shahada wa kulia j, l, h, n, k na m. Jaribu "mlango", "mkono", "njia". Na mipangilio yote mitatu imeiacha a, herufi tunayoitumia kuliko nyingine yoyote, chini ya kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kwa hiyo ndiyo, mpangilio bora kwa Kiswahili unaweza kutengenezwa, tena bila gharama. Microsoft wana programu ya bure ya kuunda kibodi za Windows, na kitufe kimoja kinaweza kutoa hadi herufi nne kwa mpigo; mtu anaweza kuamua kuwa x, ambayo sisi hatuna kazi nayo, itoe ng' nzima. Lakini atauandikia wapi? Ofisini kompyuta moja ina watumiaji watatu, kwenye mgahawa wa intaneti kibodi ni ya kila mtu, na kwenye simu, ambako ndiko maandishi mengi ya Kiswahili yanakozaliwa siku hizi, kazi hufanywa na vidole gumba viwili na hesabu yote ya vidole kumi haina maana tena. Mwenye hamu aufanye nyumbani kwake. Taifa lisiusubiri.

Sasa turudi kwenye ritifaa.

Mashine za chapa zilikuwa na kitufe kimoja kwa ritifaa na kwa alama za kunukuu za kufungua na kufunga, na kompyuta za mwanzo zikarithi uchumi huo: alama moja iliyosimama wima, namba 39 katika ASCII, orodha ya zamani ya namba za herufi za kompyuta. Unikodi, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama namba yake, ilipokuja ikazitenganisha. Wima ni U+0027. Iliyopinda ya kufunga ni U+2019. Iliyopinda ya kufungua ni U+2018. Kuna pia U+02BC, inayofanana kabisa na 2019 kwa macho, lakini kompyuta huihesabu kuwa herufi na si alama ya uakifishaji. Ongeza na kile kimkwaju kilicho kushoto ya namba 1 kwenye kibodi, U+0060, ambacho watu hukigeukia kitufe cha ritifaa kinapokufa. Machoni zote ni "ng'ombe". Kwa kompyuta ni maneno matano tofauti.

Matokeo yake yanaonekana mahali pasipotarajiwa. Chukua ujumbe huu wa simu, wa aina ambayo ofisi za kata hutuma: "Ndugu mfugaji, chanjo ya ng'ombe itatolewa Jumamosi saa 2 asubuhi kwenye josho la kijiji. Fika na mifugo yako yote mapema pamoja na kadi ya chanjo." Hizo ni herufi 147 pamoja na nafasi. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, basi unatosha. Lakini 160 hiyo ni kwa alama zilizomo katika orodha ya msingi ya mitandao ya simu, na humo kuna ritifaa ya wima tu. Aliyeuandika ujumbe kwenye Word akaunakili ameleta ile iliyopinda. Alama hiyo moja inaulazimisha ujumbe wote uhamie mfumo mwingine wa usimbaji (yaani wa kugeuza herufi kuwa namba), ambao nafasi yake ni herufi 70, na ujumbe ukigawanywa kila kipande kinabaki na 67. Herufi 147 zinakuwa vipande vitatu. Ukiwatumia wafugaji 2,000 unalipia ujumbe 6,000, na sababu yote ni mkunjo wa nukta moja juu ya ng'ombe. Wanaotuma kwa wingi wakiona salio limeyeyuka huilaumu kampuni ya simu.

Kwenye Excel mambo ni ya kimyakimya zaidi. Orodha moja ina "Chang'ombe" ya wima, nyingine "Chang'ombe" iliyopinda (gazetini zitaonekana sawa, na hiyo ndiyo shida yenyewe). Fomula ya VLOOKUP, inayotafuta neno la orodha moja katika nyingine, itarudisha #N/A, yaani halikupatikana, na mhasibu ataapa kuwa jina lipo, analiona. Lipo kweli. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kuipa fomula ya CODE ile alama yenyewe: kwenye Windows wima hujibu 39, iliyopinda ya kufunga hujibu 146.

Halafu kuna ile takataka ya "ng’ombe". Hiyo hutokea faili lililohifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji wa kawaida wa Unikodi, linapofunguliwa na programu inayodhani ni usimbaji wa zamani wa Windows. Alama iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, na programu hiyo huzisoma kila moja kama herufi kamili. Dawa si kufuta moja moja kwa mkono. Fungua faili upya na uchague UTF-8.

Kosa la nne ni la kibodi yenyewe, na hapa ndipo wanaolalamikia mpangilio wangepata hoja yao halali. Kompyuta nyingine huja zimewekwa kibodi ya Marekani ya kimataifa, ambamo ritifaa ni kitufe cha kusubiri: hakitoi kitu mpaka ubonyeze herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu huivika kofia. Sisi ng' yetu karibu siku zote hufuatwa na irabu. Basi "ng'ombe" inatoka "ngómbe", "kung'aa" inatoka "kungáa", na Murang'a inageuka "Murangá" kama mji wa Ureno. Ukikutana na hilo, piga ritifaa kisha kitufe cha nafasi, ndipo uendelee. Au bora zaidi, ingia kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, ongeza kibodi ya kawaida ya Marekani, na uifute ile ya kimataifa. Usiishie kuongeza tu, maana kitufe cha Windows na cha nafasi vikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya vitakurudisha kule kule.

Na majina ya watu? Fomu nyingi za mtandaoni hukataa ritifaa kabisa. Sababu ni ya kiufundi na ya kivivu: katika SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, ritifaa ya wima ndiyo inayofunga maandishi, hivyo mtengenezaji asiyejua kuitenganisha data na amri huona usalama ni kuipiga marufuku. Mtu wa ukoo wa Ndung'u anaandikwa Ndungu hapa na Ndung'u kule, kisha anaambiwa athibitishe kuwa ni yeye. Isitoshe, ng' na ng ni sauti mbili. Kung'oa ni kazi ya jembe. Ngoa ni tamaa na wivu.

Waganda waliikwepa balaa hii kwenye karatasi kwa kutumia ŋ katika Luganda sanifu, lakini kwa kuwa haimo kwenye kibodi za dukani, wengi wao nao huandika ng'. Hilo ndilo linalonifanya niikatae U+02BC, ingawa kinadharia ndiyo sahihi, kwa kuwa ng' ni konsonanti moja na ritifaa ni kiungo chake. Haina kitufe, haimo katika orodha ya msingi ya ujumbe wa simu, na fonti nyingine hazina umbo lake. Kiwango kisichoweza kupigwa kwa kidole hakitafuatwa.

Ninachopendekeza ni hiki. Popote maandishi yanapoingizwa na kuhifadhiwa, iwe data, ujumbe wa simu, barua pepe au majina, itumike ya wima, namba 39, basi. Iliyopinda ya kufunga iwekwe na mpanga kurasa mwishoni kabisa, kwa ajili ya karatasi tu. Ya kufungua, ile inayotazama upande mwingine, isitumike kwenye ng' hata mara moja. Watengenezaji wa mifumo, kabla ya kutafuta au kulinganisha maneno, wazigeuze 2018, 2019, 02BC, 0060 na 00B4 (mkwaju ulioinama upande wa pili) zote kuwa 0027; ni mstari mmoja wa programu. BAKITA, baraza tulilo nalo tangu 1967, lingeweza kuliandika hilo katika aya moja ya mwongozo wa tahajia.

Kwa mwandishi wa kawaida: kwenye Word, ingia chaguo za usahihishaji wa kiotomatiki, kwenye kichupo cha kinachofanyika unapoandika, uondoe tiki kwenye mstari wa kwanza wa alama za kunukuu. Kama hutaki kuizima, bonyeza Ctrl na Z mara tu inapopinda; itarudi wima bila kufuta herufi. Kwenye iPhone ingia Mipangilio, Jumla, Kibodi, uzime uakifishaji wa kiotomatiki (Smart Punctuation).

Nanyi, Mhariri, mwambieni mpanga kurasa wenu ajaribu fonti ya vichwa vya habari kwa neno "king'ora" kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Fonti nyingine za mapambo huweka ritifaa mbali na g kiasi kwamba neno hupasuka mara mbili, na hapo inabidi aisogeze kwa mkono, herufi kwa herufi.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dar es Salaam