Risala ya wanafunzi wa falsafa na teolojia kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mlezi wetu, walimu na wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Salamu ni mbili kwa kuwa tunatoka madhehebu tofauti, na hilo ni moja ya mambo machache ambayo hatujawahi kubishania.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kikundi chetu hukutana kila wiki kujadili falsafa na imani ya Kikristo. Mali yetu ni daftari moja la maswali: ukurasa wa kushoto swali, wa kulia jibu. Kurasa nyingi za kulia bado nyeupe.

Mheshimiwa, wapo wanaotuonya kuwa falsafa huua imani, na andiko lao ni Wakolosai 2:8, ambapo Paulo anaonya tusitekwe na falsafa. Onyo hilo hatulipuuzi. Ila Paulo huyohuyo, katika Matendo 17, alijadiliana na wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko kule Athene, tena akawanukulia washairi wao wenyewe.

Anayetupa moyo zaidi ni Anselm, mmonaki wa karne ya 11. Alijenga hoja kwamba Mungu ni yule ambaye hakuna mkuu kuliko yeye awezaye kufikiriwa, hivyo hawezi kuwa wazo tupu la kichwani, kwa kuwa aliyepo kweli ni mkuu kuliko anayewazwa tu. Mmonaki mwenzake, Gaunilo, akaandika kumtetea mpumbavu wa Zaburi, yule asemaye moyoni hakuna Mungu. Akasema: kwa hoja hiyo, hata kisiwa kizuri kupita vyote, kwa kuwa tu nimekiwaza, lazima kiwepo baharini! Anselm alimjibu, kisha akaagiza kila atakayenakili kitabu chake anakili pia pingamizi la Gaunilo pamoja na majibu yake. Baadaye Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, naye aliikataa hoja ya Anselm, na Kanisa likawaita wote wawili watakatifu.

Hatusemi akili inamaliza kila kitu. Pascal, bingwa wa hisabati, alipofariki mwaka 1662 alikutwa na karatasi iliyoshonewa ndani ya vazi lake, kumbukumbu ya usiku mmoja wa 1654. Humo alimtaja Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, si wa wanafalsafa. Karatasi hiyo tumeijadili majuma matatu, na bado hatujaelewana.

Changamoto zetu ni mbili. Vitabu vya falsafa kwa Kiswahili ni haba. La pili linatuuma: mwenzetu aliuliza kwa nini wasio na hatia wanateseka, akaambiwa akatubu. Haulizi tena, wala haji.

Tunaomba utusaidie kupata vitabu. Tunaomba pia, kabla hujaondoka, ufungue daftari kwenye swali la mwenzetu huyo, uandike lolote ulilo nalo katika ukurasa wa kulia, hata kama ni swali jingine. Kalamu tumeiweka ndani.

Tunaomba kuwasilisha.