Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vifo vya Samaki katika Tangi la Matumbawe na Mpango wa Kuwarudisha

Waheshimiwa wanachama,

Mwaka huu hakuna jambo lililotuumiza kuliko kufa kwa samaki wote wa tangi letu kubwa la matumbawe hapa Mombasa. Sehemu kubwa ya taarifa hii itahusu vifo hivyo, namna kamati ilivyotafuta chanzo chake, na masharti tunayopendekeza yafuatwe katika kurudisha samaki. Hesabu za fedha zitawasilishwa na mweka hazina. Mafunzo ya vijana na ubadilishanaji wa vipande vya matumbawe baina ya wanachama vimeendelea vizuri, nami nawashukuru waliovisimamia.

Vifo vilitokea katika msimu wa masika. Alitangulia kangaja wa buluu, wakafuata vitatange, kisha wale wadogo wa kijani waliokuwa wakiogelea kwa kundi, na katika siku chache tangi likabaki na matumbawe, kamba, konokono, kaa na viti vya pweza, bila samaki hata mmoja. Wengi walikufa wakiwa na rangi yao kamili, hawana jeraha, hawana doa, wala mapezi hayakuchakaa. Ni jambo la kusikitisha sana kumpoteza kiumbe uliyemlea kwa miaka, na linasikitisha zaidi usipojua umlaumu nani au nini. Ndiyo maana maelezo mengi yalizuka miongoni mwetu, na baadhi yake yaliwaelekea watu wanaojitolea kulihudumia tangi bila malipo. Ni haki yao, na haki yenu, kamati ieleze ilichokipata.

Uchunguzi wetu ulianza kwa waliobaki hai, kwa sababu wao ndio waliokuwa na ushahidi mzito kuliko maiti. Ilisemwa kwamba dawa ya mbu ilipulizwa ukumbini na chembe zake zikavutwa na pampu ya hewa. Dawa nyingi za aina hiyo zina pairethroidi, sumu ambayo huwaua kamba na kaa kwa kiasi kidogo mno, lakini kamba wetu waliendelea kula na kujivua magamba kama kawaida. Ilisemwa pia kwamba kipande cha shaba kiliyeyuka katika mabomba. Shaba nayo ingewamaliza konokono na kuwadhuru matumbawe, ambao muda wote waliendelea kufunguka mchana bila kusinyaa. Wapo waliotaja maji ya bahari yaliyochotwa wakati wa mvua, na hoja yao ina msingi, kwani masika hupunguza chumvi katika maji ya juu karibu na hori za Tudor na Mtwapa. Hata hivyo, kiti cha pweza hawezi kurekebisha chumvi ya mwili wake na huwa miongoni mwa wa kwanza kudhoofika chumvi inapobadilika ghafla. Wetu wako hai, na daftari la watunzaji linaonyesha kwamba chumvi ya tangi haikuondoka kwenye sehemu 35 katika elfu.

Swali la umeme lilihitaji uangalifu zaidi. Umeme ukikatika usiku, pampu husimama, na kwa kuwa matumbawe na mwani havitengenezi oksijeni gizani bali huitumia, hewa ya majini hupungua na kufikia kiwango cha chini kabisa karibu na alfajiri. Kwa kawaida samaki wakubwa ndio hufa kwanza, na hufa karibu kwa pamoja. Kwetu vifo vilienea siku kadhaa, mchana na usiku, huku pampu zikifanya kazi. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mizoga inayooza, nayo ilipanda, lakini ilipanda baada ya maiti za kwanza kuoza, si kabla yake. Ilikuwa matokeo ya msiba, haikuwa chanzo.

Kilichobaki ni ugonjwa unaowapata samaki na kuwaacha wanyama wasio na uti wa mgongo. Wale waliokuwa zamu walisimulia kwamba samaki walipumua kwa kasi, walisimama mbele ya mkondo wa pampu, waliukimbia mwanga wa taa, wakakataa chakula. Wawili wa mwisho, walipomulikwa kwa tochi kutoka ubavuni, walionekana kama wamenyunyiziwa vumbi laini la rangi ya dhahabu. Dalili hizi zinaelekea kwa kimelea kiitwacho Amyloodinium ocellatum, ambacho huanza kushambulia matamvua kabla ya ngozi, kiasi kwamba samaki anaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla jicho la mlishaji halijaona alama yoyote mwilini. Kimelea kikishashiba hujitoa, huanguka mchangani, hujifunga ndani ya kifuko na kugawanyika mara kwa mara hadi kutoa vimelea vichanga vipatavyo 256, na kila kimoja huogelea kutafuta samaki mwingine. Katika maji yenye joto kama yetu mzunguko huo unaweza kukamilika ndani ya wiki moja. Ndani ya tangi samaki hana pa kukimbilia kama alivyo baharini, ambako vimelea hivyo hutawanywa na maji.

Kamati haisemi kwamba imethibitisha. Miili ya mwanzo ilikuwa imeliwa na kaa, na iliyosalia ilioza kabla matamvua hayajatazamwa kwa hadubini, hivyo tunasema tu kwamba ushahidi wote tulio nao unaelekea upande huo na hakuna maelezo mengine yanayolingana nao. Wala hatuna msingi wa kumnyooshea kidole muuzaji, mtunzaji au mwanachama yeyote, kwa sababu kimelea huweza kuingia na samaki anayeonekana mzima kabisa, au na konokono, jiwe au wavu wenye unyevunyevu.

Kwa msingi huo tuliamua kuliacha tangi bila samaki kwa wiki 11. Najua uamuzi huu uliwachosha wengi, hasa wazazi ambao watoto wao walikuja ukumbini wakakuta tangi wanalodhani ni tupu, na nawashukuru kwa uvumilivu wenu. Kipimo hicho tulikichagua kwa kukifikiria kimelea kingine cha samaki, Cryptocaryon irritans, ambacho huwaletea samaki madoa meupe na ambacho baadhi ya vifuko vyake vimewahi kupasuka baada ya siku 72. Kwa kuwa hatukuweza kupima, tulichukua muda unaotosha kwa wote wawili. Kimelea kisichopata samaki hufa. Katika kipindi hicho watunzaji waliendelea kutia chakula kidogo majini ili bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati wasipungue kwa njaa. Bila hao, samaki wa kwanza kurudi angekutana na sumu yake mwenyewe.

Wanachama kadhaa waliuliza kwa nini hatukutia dawa ya shaba moja kwa moja tangini. Shaba huua kimelea kinapokuwa kichanga na kinaogelea, lakini huua pia kamba, konokono na matumbawe, na mawe ya chokaa huinyonya hata kipimo kisiaminike tena. Mahali pake ni tangi la karantini, lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya mabomba ya plastiki tu ili samaki wapate pa kujificha. Humo shaba ishikiliwe kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita kwa wiki tatu, na ipimwe kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu chini ya hapo haifanyi kazi na juu ya hapo humdhuru samaki. Tangi hilo tayari limenunuliwa, pamoja na pampu ya hewa inayotumia betri.

Kuhusu samaki gani warudi, maoni yangu ni kwamba tusiharakishe kulijaza tangi. Waanze wawili wa jamii ya Amphiprion akallopisos, wenye mstari mmoja mweupe mgongoni, ambao ni wenyeji wa pwani yetu na ni wagumu. Wakikaa salama wafuatwe na kundi dogo la wale wa kijani. Na kila wanapoongezwa tusubiri hadi amonia ionekane sifuri kabla ya kuleta wengine. Kangaja wa buluu, pamoja na uzuri wake unaotupendeza sote, hupatwa na maradhi haya upesi kuliko wengi na huhitaji nafasi ya kuogelea ambayo tangi letu halina, kwa hiyo kamati haipendekezi arudi. Vitatange wanaoishi kwa kula matumbawe nao wasiletwe: ama watakula tunachokilea, ama watakufa kwa njaa. Yule mdogo anayewasafisha wenzake, Labroides dimidiatus, ameombwa na wanachama wengi kwa imani kwamba atazuia ugonjwa. Kwa kweli hawezi kuuzuia, kufugwa kwake ni kugumu, na kazi anayoifanya kwenye miamba ya bahari ni kubwa kuliko atakayoifanya kwetu.

Samaki wanunuliwe kwa wapiga mbizi wenye leseni wanaotumia nyavu za mkono. Sayanaidi, sumu ya kuwalevya samaki ili wakamatike, iliyoanza kutumika Ufilipino katika miaka ya 1960 na baadaye ikaenea Indonesia, huharibu viungo vya ndani, na samaki aliyekamatwa kwa sumu hiyo anaweza kula vizuri kisha akafa wiki kadhaa baadaye. Kila mnunuzi wetu aulize samaki alikamatwa wapi, lini na katika kina gani, kwani anayetolewa kilindini kwa haraka huumia kibofu cha hewa. Asichukuliwe samaki wala jiwe lolote kutoka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, ambako uvunaji wa aina yoyote umekatazwa na sheria.

Mambo mawili yanahitaji kura yenu. La kwanza ni kuongeza katika katiba ya chama kifungu kinachosema kwamba hakuna samaki atakayeingia tangi kubwa bila kumaliza karantini, hata akiwa zawadi ya mwanachama, na kwamba konokono, kamba na mawe yatatengwa katika chombo kisicho na samaki kwa muda uleule wa wiki 11. La pili ni kuteua wanachama wanne wa kushika zamu za vipimo katika karantini ya kwanza. Wanaojitolea wampe katibu majina yao kabla ya kikao kufunguliwa.

Mwenyekiti