Msisugue kutu ya panga za Kijapani

Mhariri, naomba nafasi niwaambie wenzangu hapa Mombasa wenye panga za kale za Kijapani, jamani ile kutu ya kwenye shina, pale panapoingia ndani ya mpini, msiiguse! Kuna duka Mji wa Kale nimeona wamepiga msasa mpaka panang'aa, roho iliniuma sana maana rangi ya hiyo kutu ndiyo mtaalamu anaangalia akikadiria umri, na hapohapo ndipo fundi huchonga jina lake. Jina nalo lisikubabaishe, feki zipo tangu zamani. Cheti kinachoaminika sana ni cha NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani kule Tokyo, wapo tangu 1948, na wanakagua upanga wenyewe sio picha. Muuzaji akikataa kutoa ile pini ya mwanzi inayoshikilia mpini ili nione shina, mimi sinunui.

Mkusanyaji, Mombasa