Msikate mkia wa majina ya seva kabla ya kuhesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nipinge ushauri unaopokezanwa na wasimamizi wa seva, hasa vijana wanaoanza kutumia Ansible kuendesha mashine pepe (seva zinazoundwa kwa programu) zilizo kwenye VMware. Ushauri wenyewe ni mfupi: majina ya mashine yakitoka marefu na ya kuudhi kwenye orodha ya Ansible, andika config.name, yaani jina tupu la mashine, yaishe. Yanaisha kweli, na mashine kadhaa zinaisha nayo.

Kwa asiyeijua, Ansible ni programu inayotoa maagizo kwa seva nyingi kwa mpigo: kuweka masahihisho ya usalama, kufungua akaunti, kuwasha huduma upya. Ili ijue seva zilipo, inapewa orodha. Orodha ya kuandika kwa mkono huchakaa siku ileile mtu anapoongeza mashine, ndiyo maana wengi wameihama na kutumia programu-jalizi (kiongezo cha Ansible) inayoiuliza papo hapo vCenter, programu ya VMware inayosimamia mashine hizo. Inayozungumziwa hapa ni community.vmware.vmware_vm_inventory. Jina la faili lake la mipangilio lazima liishie na vmware.yml, vmware.yaml, vmware_vm_inventory.yml au vmware_vm_inventory.yaml. Ukiliita orodha.yml, programu-jalizi haitaligusa, na utapoteza asubuhi nzima ukikagua nywila isiyo na kosa lolote.

Ukiiacha ilivyo, programu-jalizi hiyo huita kila mashine kwa jina lake la vCenter, kistari cha chini, halafu UUID (namba ya utambulisho) ya herufi 36. Mashine iitwayo mishahara inakuja na mkia unaovuka nusu ya skrini. Inachosha, sikatai. Lakini mkia ule haukuwekwa kwa uzembe. vCenter inakataza majina kufanana ndani ya folda moja tu. Folda ya majaribio ikiwa na mishahara, na folda ya mashine za kazi ikawa na mishahara yake, vCenter haina neno. Ansible nayo inaitambua mashine kwa jina peke yake. Ukikata mkia, mashine mbili zinakuwa mstari mmoja, na itakayosomwa mwisho inaandika anwani yake juu ya ile ya mwenzake. Hakuna maandishi mekundu wala onyo. Kazi inamalizika vizuri kabisa, huku mishahara mojawapo haijaguswa. Ni ipi? Inategemea vCenter imezitaja kwa mpangilio gani.

Kwa hiyo hesabu kwanza, majina yakiwa bado na mikia yake:

ansible-inventory -i seva.vmware.yml --list | jq -r '._meta.hostvars | keys[]' | sed 's/_[^_]*$//' | sort | uniq -d

Amri hii haibadilishi kitu. Inaorodhesha majina, inaondoa mkia kwenye nakala hiyo, kisha inataja yanayojirudia. Ikinyamaza, config.name ni salama kwa leo. Ikitaja hata jina moja, ama ukalibadilishe kule vCenter, ama ubakize kipande cha mkia. Na kama unakusudia kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, ingiza tr A-Z a-z kabla ya sort, maana Mishahara na mishahara zitakuja kugongana.

Kipande kipi kibaki? Hapa hata wazoefu hujikwaa, kwani mkono huenda kwenye herufi za mwanzo. UUID zinazotungwa na vCenter huanza na 42 au 50 kulingana na aina yake, na tarakimu mbili zinazofuata zinatokana na namba ya vCenter yenyewe. Mashine zote zilizozaliwa hapo zinashiriki herufi nne za kwanza, kwa hiyo ukibakiza hizo nne umebakiza pambo tu. Chukua za mwisho:

plugin: community.vmware.vmware_vm_inventory
hostnames:
  - "(config.name | lower | replace(' ', '-')) ~ '-' ~ config.instanceUuid[-6:]"
compose:
  ansible_host: guest.ipAddress

Nimeandika instanceUuid, si uuid, kwa sababu. config.uuid ni ya BIOS na inasafiri ndani ya faili la mashine. Mtu akinakili mashine kwa mkono, kisha alipoulizwa akajibu kwamba ameihamisha, nakala inabaki na uuid ya mama yake. instanceUuid inasimamiwa na vCenter, nayo hairuhusu mbili zifanane. Nafasi nazo zinaondolewa kwa sababu vCenter inapokea jina kama Seva ya Mishahara bila tatizo, lakini kwenye --limit, chaguo la kutaja mashine chache tu, nafasi, mkato na nukta pacha ni vitenganishi, kwa hiyo jina hilo litasomwa kama majina matatu. Mstari wa ansible_host uwepo, kwa kuwa jina ulilotunga mwenyewe halimo kwenye DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani.

Wapo watakaosema: kwa nini tusitumie guest.hostName, jina ambalo seva inajiita yenyewe? Linavutia, ila lina mitego. Linaletwa na VMware Tools, programu inayowekwa ndani ya mashine. Mashine ikizimwa, au Tools zikiwa hazifanyi kazi, linaweza kuwa tupu. Hapo watu huongeza config.name kama mstari wa pili chini ya hostnames, kwa vile programu-jalizi inachukua mstari wa kwanza uliotoa jibu. Matokeo yake mashine moja inaweza kuwa na majina mawili: moja ikiwa imewashwa, jingine ikiwa imezimwa. Faili lake ndani ya host_vars, saraka ya mipangilio ya kila mashine, linafuata jina moja tu, na likiwa si lenyewe linapuuzwa kimyakimya. Baya zaidi ni nakala zilizotoka kwenye kiolezo na hazijabatizwa. Zote zinajiita localhost.localdomain, na kumi zinahesabika moja. Zikijiita localhost tupu, kazi uliyokusudia ifanyike kwenye kompyuta unayotolea amri inaweza kwenda kufanyika ndani ya seva ya mbali.

Ukiandika mwenyewe orodha ya properties (sifa za mashine zinazoombwa vCenter) ili vCenter ijibu haraka, ile ya kawaida inafutika yote. Kila sifa unayoitumia kwenye hostnames, compose, filters au groups iwemo: config.name, config.instanceUuid, guest.ipAddress na nyingine. Ikikosekana ile inayounda jina na hakuna mstari mwingine wa akiba, orodha nzima inagoma kujengwa. Huo mgomo angalau unaonekana.

Kwingine, kwenye huduma za seva za kukodi, mambo yanafanana. Programu-jalizi ya Azure inaongeza mkia mfupi wa herufi nne, na plain_host_names ndiyo inayouondoa, kwa hatari ileile. Kwa AWS, wengi huweka tag:Name, wakisahau kwamba mashine zinazozalishwa na kundi linalojipanua lenyewe kwa kawaida zote hubeba lebo moja. Huko tumia umbo la prefix, jina likiwa instance-id na prefix ikiwa tag:Name.

Siku ya kubadilisha, mafaili ya host_vars yabadilishwe majina katika badiliko hilohilo, wala yasisubiri wiki ijayo. Na kama majina ya zamani yanaendelea kujitokeza hata baada ya yote haya, tazama kama cache (akiba ya majibu ya awali) imewashwa. Kwa VMware, kinachohifadhiwa ni orodha ikiwa tayari na majina yake, kwa hiyo hostnames mpya haisomwi hadi muda wa cache_timeout upite. Futa mafaili yaliyo kwenye saraka iliyotajwa na cache_connection, kisha endesha ansible-inventory --graph na uhesabu tena. Idadi ya mashine iwe ileile ya kabla ya kukata.

Msimamizi wa seva,
Morogoro