Kwa nini babu yako hakuingia ngomeni

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Juzi kwenye simu uliniuliza mbona babu hayumo katika zile picha za ngome ya Lamu, nikakwepa. Nilikuwa kazini na watu wananisikiliza.

Ulikuwa na miaka saba. Mfungo Sita ulikuwa unaishia na mji umejaa wageni wa Maulidi hata barazani watu wamelala. Tulitoka Mombasa alfajiri kwa basi, Mokowe tukapanda boti, nawe ukatapika njia nzima. Mfuko wangu ulikuwa mtupu mwaka ule, ndiyo maana nikachagua Lamu: kwa shangazi yako tungelala na kula, na mbio za punda, mashua, ngoma ya goma na bakora zake, hayo yote ni bure. Unasimama usita wa pwani, ile njia ya kando ya bahari, basi.

Siku ya mbio ulimchagua punda mweupe. Alipotukaribia alisita, akageuka, akarudi zake mbio alikotoka, mpandaji juu yake anapiga mayowe. Ulilia sana. Babu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sijamwona tena akicheka vile.

Jioni tukaenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, ukataka kupanda juu ya ngome uione bahari. Kiingilio chake ndicho kitu pekee nilicholipia siku ile. Babu akasema yeye ataketi nje na kahawa yake. Mama yako alidhani ni magoti.

Hayakuwa magoti. Ngome ile iliyomalizwa 1821 iligeuzwa jela tangu 1910 hadi 1984, na kaka yake babu alifungwa humo. Babu, kijana wa umri wako wa sasa, alikuwa akija kuketi nje ya ule mlango, hata siku ambazo hakuna ruhusa ya kuonana. Alinieleza usiku ule ulipokwisha lala, kwa maneno machache mno. Kosa lenyewe hakulitaja, nami sikumchimba.

Ulipotoka ulimkimbilia: "Babu, ndani kuna vitabu!" Akakuuliza, "Vitabu?" Ukasema vingi. Akaagiza kikombe kingine.

Itazame tena ile picha uliyo juu ya ukuta unapunga mkono. Sisi tulikuwa nyuma yako. Uliyekuwa ukimpungia ni yeye, kule chini.

Babako