Enzi ya ndondi isiyo na mpinzani

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba enzi kuu ya ndondi ni ile ya Hagler, Hearns, Leonard na Durán, mabondia waliotamba miaka ya 1980. Walikuwa hodari na hawakukwepana, lakini baadhi yao walikutana kwa kupanda daraja la uzito, ilhali vigogo wa miaka ya 1970, yaani Muhammad Ali, Joe Frazier, George Foreman na Ken Norton, walikuwa wote uzito wa juu. Norton alimvunja Ali taya mwaka 1973. Mwaka huohuo, mjini Kingston, Foreman alimwangusha Frazier mara 6 katika raundi 2 tu. Kisha Ali, ambaye wengi walihofia angeumizwa, akaegemea kamba za ulingo Kinshasa mwaka 1974, akayapokea makonde ya Foreman kwa mikono na mbavu hadi jitu lile likaishiwa nguvu, akalimaliza raundi ya 8. Nionyesheni kizazi kingine kama hicho.

Msomaji wenu,
Tanga