Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Wanafunzi wanaokunywa ili waweze kusema

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima, nakuandikia nikiwa mhadhiri msaidizi ninayeongoza semina katika chuo kikuu kimoja nchini, kuhusu aina ya unywaji ambayo kamati zetu za nidhamu haziioni.

Tunapozungumzia ulevi vyuoni, huwataja wanaofanya fujo hosteli na wanaomaliza bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, baa siku ile ile linapoingia. Wapo. Lakini yupo pia kijana mtulivu anayefika semina ya saa 2 asubuhi akimumunya pipi kifua ili kufunika harufu ya pombe kali. Hakunywa kwa starehe. Ni zamu yake ya kuwasilisha, na asipokunywa mikono hutetemeka, koo hukauka, naye hutamani ardhi ipasuke immeze.

Huo si uzembe wala malezi mabaya. Ni wasiwasi wa kijamii, yaani hofu kali ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, maradhi yanayotambuliwa na kutibika, ambayo mara nyingi huanza mtu akiwa bado kijana mdogo. Pombe huutuliza kwa saa chache, kisha ikishatoka mwilini wasiwasi hurudi na nguvu zaidi, na kiasi kilichomtosha muhula wa kwanza hakimtoshi tena wa pili. Nasi tunauchochea: mtoto wa shule ya msingi ya Serikali hufundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, huingia Kidato cha Kwanza kwa Kiingereza, na chuoni hupewa alama kwa kusimama mbele ya wenzake na kujieleza kwa lugha ambayo akiteleza kidogo tu huchekwa.

Serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vidogo vya plastiki, Machi 2017, na ilifanya vema, ingawa kuondoa pombe ya bei rahisi hakumwondolei mtu hofu iliyomfanya ainunue.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 la kubaini unywaji wenye madhara, ambalo limekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio Moshi. Naomba, kupitia Tume ya Vyuo Vikuu, litumike wakati wa usajili wa mwaka wa kwanza, pamoja na maswali kuhusu wasiwasi, na majibu yabaki kwa mnasihi pekee. Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza zaidi, kwa sababu chuoni kwetu ofisi anayotakiwa kuiendea mwanafunzi kuomba msaada ndiyo hiyo hiyo inayoandika barua za onyo, na wanafunzi wanalijua hilo vizuri.

Naomba pia sisi waongoza semina tufundishwe kuwazoesha wanafunzi hatua kwa hatua, waanze kuzungumza katika vikundi vya watu watatu kabla ya kusimama mbele ya darasa zima, maana hata tiba ya hofu hii huenda hivyo hivyo. Waraka wa Wizara ukitoka kabla ya mwaka mpya wa masomo, wanaoingia sasa watanufaika nao.

Wako mtiifu,
Mhadhiri Msaidizi